Mama Mmoja, Baba Wawili

Ujumbe wa ofisi ya bima uliingia kwenye simu ya msusi Ijumaa saa tatu asubuhi, mikono yake ikiwa imezama kwenye nywele za mteja. Aliusoma kwa jicho moja: "Unatakiwa kufika ofisini leo kuhusu maombi ya kadi ya binti yako." Sasa, kuitwa si tatizo, watu wanaitwa kila siku. Tatizo ni kwamba msusi hana binti. Ana watoto wawili wa kiume, wote na kadi zao, na ana mume dereva wa lori anayerudi nyumbani mara mbili kwa mwezi na ambaye, kwa kadiri anavyojua yeye, ni baba wa watoto wawili tu.

"Kuna nini?" mteja akauliza.

"Hakuna."

"Mbona umeacha kusuka?"

"Napumzisha vidole."

Tangu afungue saluni ile, miaka tisa, hajawahi kupumzisha vidole hata siku moja, na mteja alilijua hilo. Alimtazama kwenye kioo, akangoja aambiwe, hakuambiwa. Msusi akamfunga kilemba juu ya nywele zilizosukwa nusu, akamwomba radhi, akamwambia arudi kesho. Ukimwona msusi anamtoa mteja nje na nusu kichwa, ujue maji yamemfika shingoni.

Binti mwenyewe anaitwa Kipenga. Ana miaka minane na anaishi na bibi yake nyumba ya pili kutoka saluni. Jina lake halisi lipo, linaitwa shuleni kila asubuhi, ila mtaani hakuna anayelitumia, kwa sababu kifua chake kikibana hupiga mluzi, na watoto wenzake wakaona jina limepatikana. Angekuwa mwingine angelia. Huyu alilipenda, akawa anajitambulisha nalo hata kwa wageni. Ni mtoto wa maneno, anaingia saluni, anakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, na anakuuliza maswali mpaka unasahau uzi uliokuwa unaushika.

Wiki tatu nyuma ule mluzi ulikataa kuisha. Muuza nyama, ambaye bucha yake inatazamana na saluni, aliacha shoka kwenye gogo, akambeba mtoto mgongoni, akakimbia naye mpaka zahanati na aproni yake ile ile ya damu. Nesi alipomwona akamlaza yeye kitandani kwanza. Kabla hawajaelewana ni nani mgonjwa, msusi alikuwa nyuma yao anahema, na alichokiona hajakisahau: midomo ya mtoto imegeuka rangi. Waliwahi. Mganga akasema mtoto anahitaji dawa ya kuvuta kila siku, si siku ya kuzidiwa tu, na kwamba safari nyingine huenda wasiwahi. Dawa hiyo mwenye kadi ya bima anapewa bure. Asiye na kadi aende duka la dawa, na bei ya duka la dawa bibi alipoisikia aliomba irudiwe, akidhani masikio yake yamezeeka.

Na kadi zenyewe zilikuwa zinatolewa bure wakati huo huo. Manispaa ilikuwa imeanzisha mpango wake: kila mtoto asiye na bima aandikishwe, hata asiye na cheti cha kuzaliwa, mradi mzazi au mlezi aje na kitambulisho na asaini. Meza ziliwekwa sokoni, shuleni na zahanati. Gari la matangazo lilipita mpaka watu wakaomba likapite kwa wengine. Mtaa mzima uliandikisha. Bibi yake Kipenga akagoma.

"Ukishamwandikisha mtoto kwa ajili ya ugonjwa," alisema, "ugonjwa nao unajua pa kumkuta."

"Bibi, mbona ugonjwa umeshamkuta?"

"Basi usipewe na anwani."

Msusi alikwenda mara tatu. Mara ya tatu bibi alimfungulia mlango wa kutokea kabla hajamaliza salamu. Ni mwanamke mfupi, mkavu, wa kauli moja, na mtaa mzima unamwogopa kwa adabu zote.

Basi msusi akafanya alichofanya. Jumanne alimngoja Kipenga akitoka shule, akamvalisha shati la mwanawe, akampeleka kwenye meza ya sokoni na kusema huyu ni wangu, nimemzaa mimi. Mwandikishaji akawatazama wote wawili.

"Amefanana na baba yake," akasema.

"Sana," akajibu msusi, akasaini.

Njiani akamnunulia mtoto soda na kumwambia, "Usimwambie mtu yeyote." Kipenga akaapa kwa mikono miwili. Uongo ni uongo, hakuna anayeupamba hapa, lakini msusi alilala usingizi mzito usiku ule kuliko majuma matatu yaliyopita.

Ofisi ya bima ilikuwa na benchi moja kwenye korido, na kwenye benchi lile alikuwa amekaa muuza nyama. Hakuwa na aproni. Alikuwa amevaa koti, jambo ambalo msusi aliwahi kuliona mara moja tu, siku alipooa. Pembeni yake alikaa mwalimu mstaafu, mzee mwembamba anayeishi nyuma ya bucha, na bahasha kubwa juu ya magoti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na wewe?"

"Nimekuja kuuliza habari za maji," msusi akasema.

"Hii ni ofisi ya bima," akasema muuza nyama.

"Ndiyo maana sijajibiwa mpaka leo. Wewe je, kaka?"

"Mimi nampokea mtu."

"Hapa?"

Muuza nyama akachunguza vifungo vya koti. Mwalimu akasema yeye amekuja kupunga hewa, na kwa kuwa korido ile haikuwa na dirisha hata moja, hakuna aliyemuuliza zaidi.

Mlango ukafunguliwa. Afisa alikuwa kijana wa miwani, mwenye sauti ya upole ya mtu anayeiamini sana kompyuta yake. "Wazazi wa mtoto mwenye pumu, darasa la pili, waingie," akasema.

Wakasimama wote watatu. Wakatazamana. Wakakaa wote watatu.

"Wazazi," afisa akarudia.

Ikabidi waingie, mmoja nyuma ya mwingine, wakakaa kwenye viti viwili, kwa hiyo muuza nyama akabaki amesimama na kujifanya anapenda kusimama. Afisa akageuza kompyuta ili waone. Kulikuwa na picha tatu. Ya kwanza Kipenga amevaa shati la kiume. Ya pili amevaa gauni la sherehe la binti wa muuza nyama, linalomfika miguuni. Ya tatu amevaa tai, tai ya mtu mzima, imekunjwa mara kadhaa ili isifike magotini. Kwenye zote tatu alikuwa anacheka vile vile, pengo lake likiwa pale pale.

"Kompyuta inafananisha nyuso," afisa akasema. "Inasema mtoto huyu ana mama mmoja na baba wawili. Mama ni wewe?"

Msusi alijisikia masikio yanawaka. "Ni... ndiyo."

"Na baba ni huyu bwana hapa?"

"Afisa," muuza nyama akasema, "nakuomba sauti ishuke. Mke wangu anauza mboga hapo nje ya geti."

"Au baba ni mzee? Mzee, hapa pameandikwa una miaka sabini na mmoja. Mtoto ana minane."

"Nilichelewa kidogo," akasema mwalimu.

Msusi aliuma ulimi asicheke, na kwa sekunde chache alifaulu. Kisha akacheka, muuza nyama naye akafuata, kicheko cha watu walioshikwa ambao hawana tena cha kuficha. Mwalimu peke yake hakucheka. Alifungua bahasha yake, akatoa maelezo aliyoyaandika kurasa nne kwa mwandiko wa ubaoni, akataka kuyasoma tangu mwanzo. Afisa akamsihi aeleze kwa mdomo.

Ikajulikana, basi. Jumanne msusi alimpeleka sokoni. Jumatano muuza nyama alimpeleka zahanati. Alhamisi mwalimu alimpeleka shuleni, akamfunga tai kwa kuwa aliona picha ya serikali haipigwi shingo ikiwa wazi. Kila mmoja alidhani wengine hawajali. Kila mmoja alinunua soda. Kila mmoja alimkanya mtoto asimwambie mtu, na mtoto akatunza siri zote tatu bila kuchanganya hata moja.

"Na maneno yote yale anayosema kutwa," msusi akasema. "Hili ndilo lililomshinda kusema?"

Afisa alivua miwani akaifuta. "Niwaambie ukweli," akasema. "Mmesaini uongo mara tatu. Kanuni inanitaka niyafute maombi yote matatu, na nisimamishe kadi za watoto wenu wenyewe mpaka uchunguzi uishe."

Kicheko kikaisha hapo hapo. Msusi aliwawaza wanawe wawili, mdogo mwenye malaria ya kila msimu.

"Hakuna njia?" akauliza.

"Ipo moja. Mlezi halisi, anayeishi na mtoto, aje yeye mwenyewe asaini. Akija, haya ya kwenu nitayaandika kuwa makosa ya uandikishaji, yaishe. Asipokuja, mtoto anatoka kwenye orodha. Orodha inafungwa leo saa kumi jioni. Ikifungwa, mpaka mwaka ujao."

Mwaka. Msusi alikiwaza kifua kile kwa mwaka mzima, baridi na vumbi na moshi wa majirani, na mganga aliyesema huenda wasiwahi. Aliogopa waziwazi, na hakuona haya kuogopa.

Nje kwenye benchi wakaulizana nani atakwenda kumwambia bibi.

"Mimi siendi," akasema muuza nyama. "Nashika shoka kutwa nzima, lakini yule mama namwogopa."

"Mwalimu?"

Mwalimu akanyoosha kona za bahasha yake. "Mimi nilimfundisha binti yake," akasema. "Mama yake Kipenga. Tangu alipokwenda kutafuta kazi, kila nikikutana na bibi naona kama ataniuliza nilimfundisha nini." Yule binti aliondoka miaka sita iliyopita. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili. Mwaka wa pili simu ikawa haipatikani, na mpaka leo haipatikani.

Wakaenda wote watatu, msusi mbele, wale wanaume wawili hatua kumi nyuma wakisukumana.

Bibi alikuwa barazani anachambua mchele. Akaitikia shikamoo zao moja moja bila kuinua macho, na msusi akaona afadhali aseme haraka kabla ujasiri haujamtoka. Akasema yote. Sokoni, zahanati, shuleni, picha, kompyuta, saa kumi. Aliposema kwamba mtoto amesajiliwa kuwa na mama mmoja na baba wawili, muuza nyama akakohoa na kutazama paa.

Bibi akatoa jiwe kwenye ungo, akalitupa. "Nani alimvisha tai?"

"Mwalimu."

"Ilimpendeza?"

"Sana, bibi."

Akachambua kidogo tena. "Na ile fomu. Ulipofika pale pa mama mzazi, uliandika nini?"

"Niliandika jina langu."

"Mwenzangu, wewe ulikuwa na la kuandika."

Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu kidogo. Aliporudi alikuwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ni fomu ya mpango, ile ile, imejazwa tayari kwa peni, mstari kwa mstari, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara nyingi: jina la mtoto, umri, ugonjwa, mlezi. Mstari mmoja tu ulikuwa mtupu. Mama mzazi: yu hai, amefariki, weka alama.

"Niliichukua siku ile ile gari lilipopita," bibi akasema. "Wiki tatu nalala nayo. Nikiweka yu hai, watasema mlete asaini. Nikiweka hilo jingine..." Alimtazama msusi usoni, na msusi hakuwahi kuyaona macho yale yakiomba kitu. "Mkono wangu huu ndio uliomlea binti yangu tangu alipozaliwa. Siwezi kuuambia uweke alama pale."

Msusi alikuwa analia, alijua analia, akaacha machozi yatoke. Nyuma yake mwalimu alikuwa ametoa leso.

"Kumbe si mambo ya ugonjwa kupewa anwani," muuza nyama akasema taratibu.

"Hayo nilikuwa nayasema tu. Ninyi mliyaamini?"

"Tuliyaamini, bibi."

"Mna akili ninyi kweli?" bibi akasema, akaanza kutafuta viatu vyake.

Safari ya kurudi ofisini ilikuwa ya mateso. Bibi ana mwendo wake na hausogezwi. Saa nane na nusu walikuwa bado hawajamaliza uwanja wa shule. Pale kengele ilikuwa imelia, watoto wanatoka, na Kipenga akawaona, akaja mbio, akasimama ghafla alipogundua ni akina nani wameongozana. Aliwatazama mmoja mmoja, wale watatu wa siri na bibi yake katikati yao.

"Mimi sijasema," akasema.

"Tunajua," msusi akamjibu, akamshika mkono.

Mbele kidogo muuza nyama, ambaye saa ilikuwa inamla roho, alipendekeza ambebe bibi mgongoni. Bibi alimtazama tu mpaka akaliondoa pendekezo lake mwenyewe. Walipopita getini mke wake aliinua kichwa kwenye mafungu ya mchicha, akamwona mumewe ndani ya koti, pamoja na msusi aliyeshika mkono wa mtoto, macho mekundu.

"Nitakueleza jioni," muuza nyama akasema.

"Utanieleza vizuri," mkewe akasema.

Walimkuta afisa mezani, saa ya ukutani ikionyesha saa kumi kasoro dakika kumi na tano. Alisimama kumpa bibi kiti chake mwenyewe. Alichukua ile karatasi ya makunyanzi, akaikagua mstari kwa mstari, akafika pale palipo patupu, akaweka kidole.

"Bibi," akasema, "kwenye karatasi kuna nafasi mbili. Ila kanuni ina ya tatu, tunaiandika pembeni: hajulikani alipo. Unaisema wewe kwa mdomo wako, na mashahidi wanaoifahamu familia wanasaini."

"Mashahidi wapo," akasema mwalimu.

"Wapo wazazi," akasema muuza nyama, na msusi akamkanyaga mguu.

Hakuna aliyecheka safari hii. Kipenga alikuwa ameegemea goti la bibi yake, anasikiliza, mluzi mdogo ukisikika kila akivuta pumzi. Bibi aliusikiliza ule mluzi. Msusi alimwona anausikiliza, na alitamani amsemee, kama alivyomsemea Jumanne bila hata kuulizwa. Lakini hili halikuwa la kusemewa. Mshale wa saa ukasogea, ukasogea tena.

"Andika," bibi akasema. "Hajulikani alipo."

Afisa akashika peni.

"Kwa penseli."

"Bibi yangu, fomu za serikali hazijazwi kwa penseli."

"Najua. Hayo mengine yote nimeyajaza kwa peni, mnaweza kukaa nayo mpaka mwisho wa dunia. Hilo liandike kwa penseli."

Afisa aliitazama saa. Aliwatazama wale watatu, na hakuna hata mmoja aliyemsaidia. Akavuta droo ya kwanza, akavuta ya pili, akapekua karatasi na pini na betri zilizokufa. Ofisi nzima haikuwa na penseli. Mwalimu mstaafu akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati lake, akatoa moja fupi, imechongwa vizuri, akaiweka mezani.

Afisa akaandika. Bibi akaomba aone. Akaisogeza karatasi karibu na macho, akapitisha kidole juu ya yale maneno ya kijivu.

"Umekandamiza," akasema. "Akirudi, halitafutika vizuri."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tatu. Afisa akageuza penseli upande wa kifutio, akafuta, akapuliza mabaki, akaandika upya kwa mkono mwepesi kiasi kwamba msusi alilazimika kuinama ili aone pa kusaini. Bibi akasaini, na mashahidi wote watatu wakasaini chini yake. Kisha afisa akaigeukia kompyuta, na namba ya kadi ya Kipenga ikatoka.